Mvua ya Konde la Bi Kazija

Mwaka ule wa jua kali, masika yaliponyima kisiwa kizima, mvua ilinyesha mahali pamoja tu Unguja: kwenye konde la mpunga la Bi Kazija, bonde la Cheju, wala haikuvuka tuta kumrashia jirani. Ilinyesha kwa sababu kipande cha wingu kilipata upenyo kwenye majumba mapya ya Michenzani kikapita, na upenyo ule niliuacha mimi, kwa toroli langu, kwa makusudi, kwa ajili ya mapenzi. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, nami nikaamini yote kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Chwaka. Nimeihadithia mvua ile maharusini, barazani, ndani ya meli ya Pemba, na mara moja kwa daktari wa meno aliyekwisha kunitia koleo mdomoni. Kila nilipohadithia wingu lilinenepa kidogo. Mwanzo lilikuwa kama kilemba. Siku hizi wajukuu wangu wanajua kwamba lilikuwa kubwa kuliko Uwanja wa Maisara na lilinguruma jina langu.

Mwezi uliopita tulikwenda Cheju kumsomea khitma Bi Kazija mwenyewe, mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mzima sana. Miaka ya mwisho alikuwa mwepesi hata nikimshika mkono naogopa upepo usije ukaninyang'anya. Nilikaa ukumbini mwake, mgongo ukutani, mahali pale pale nilipokalishwa siku ya kwanza nilipokuja kuchumbia, na harufu ya moshi wa jikoni ikanijia kutoka uani. Nyumba siku hizi ina mabati, ina taa ya umeme, ina hata televisheni iliyofunikwa kitambaa kama maiti. Moshi lakini ni ule ule. Ukanirudisha nyuma kwa nguvu, nikawa kijana tena, mwembamba, mwenye nywele, na mwenye njaa.

Sitaanza na nani alimzaa nani, maana hapo hatutatoka leo. Itoshe kwamba nilikuwa nakaa Ng'ambo kwa shangazi yangu, Bi Zena, katika chumba cha uani chembamba kiasi kwamba nikitaka kugeuka kitandani lazima nitoke nje kwanza. Mchana nilikuwa kibarua Michenzani, nasukuma zege, wakati yale majumba marefu ndiyo kwanza yanainuka na mji mzima unakuja kuyatazama kama sinema. Magharibi ikishaswaliwa nilikwenda skuli ya usiku, tukikalia madawati ya watoto wadogo hata magoti yakawa usawa wa masikio, karabai inavuma juu yetu kama nyuki. Nasema kwa fahari: mwaka ule ndio niliohitimu. Na katika masomo yote lililonikaa kichwani kama kofia mpya ni la jiografia. Mwalimu alituchorea mlima ubaoni. Wingu likaja kutoka baharini, likaukuta mlima, likapanda, likamwaga maji yake yote upande wa huku. Upande wa pili akapaka vumbi la chaki, akasema huku ni kukavu, mvua haifiki, mlima umeikamata. Nilinakili mchoro ule kwa uangalifu mkubwa, hata kivuli cha mlima nikakitia.

Sasa fikiria kijana mwenye elimu hiyo anakwenda kazini kesho yake. Wakati wa chakula tulikuwa tunakaa kwenye kivuli cha ukuta, na palikuwa na mwenzetu wa Tumbatu, Machano, mtu wa maneno machache ambayo yote yalikuwa na shari. Machano aliinua uso, akatazama mawingu mawili matatu ya asubuhi yakiyeyuka juu ya kichwa cha lile jumba, akasema taratibu, anatafuna, "Yakhe, hili jumba ndo linalokamata mvua." Wengine wakacheka wakaendelea na muhogo wao. Mimi sikucheka. Nilisimama na kipande cha samaki wa ng'onda mkononi, nikalitazama jumba, nikauona mlima wa mwalimu. Upande wa huku mji. Upande wa pili, kwenye vumbi la chaki, Cheju. Na aliyekuwa akiupandisha mlima ule, toroli kwa toroli, ni mimi.

Kwa mtu mwingine habari ile ingekuwa mzaha wa saa ya chakula. Kwangu ilikuwa msiba, kwa sababu ya Mwanakheri. Nilimjua tulipopelekwa Cheju kwa lori, vijana wa mjini, kujitolea kuchimba mitaro ya mpunga. Mtaro wangu ulikwenda upande, ukapinda, ukataka kurudi ulikotoka; naye akasimama juu ya tuta, kanga kaifunga kiunoni, akauliza kwa sauti ya adabu kama mtaro huo unaelekea kwa jamaa zangu, au na wenyewe umepotea. Tangu siku hiyo nilijitolea Cheju kila lori lilipoondoka, hata dereva akaniuliza kama nalipwa kwa siri.

Shangazi Zena alikwenda kuniposea. Alikuwa mwanamke mwema, lakini akivuka mtaa wa mwisho wa mji alijiona amekwenda safari. Alikaa ukumbini hapo kwa Bi Kazija, akanywa chai ya rangi kwa ncha ya midomo, na mambo yote yakenda vizuri mpaka ilipofika karamu. Mchele siku zile ulikuwa wa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa na foleni yake. Shangazi akasema kwa ule ustaarabu wake kwamba wao wa mjini wanaelewa hali ya shamba, kwa hiyo bibi harusi asione haya, watajitahidi walete mchele kidogo wa foleni ili watu wale. Bi Kazija alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hakuwa na desturi ya kupandisha sauti. Aliweka kikombe chini.

"Mwanangu haondoki kwangu kwa mchele wa foleni," akasema. "Ataondoka kwa mpunga wa konde langu, aloupalilia kwa mkono wake. Tukishavuna, njooni."

Ukumbi wote ulisikia, na nyuma ya ukuta wa makuti wanawake wa jirani walisikia pia, maana walikuwa wamekuja kusikia. Neno likishasemwa namna ile Cheju halirudi. Harusi ikawekwa baada ya mavuno. Na pembeni alikuwapo binamu yake Mwanakheri, mtu wa Makunduchi, aliyekuwa na punda wawili wa kubebea kuni na mjomba wa bibi harusi anayemsemea. Mjomba alitangaza wazi kwamba mwaka ukifungwa bila mavuno hatamweka mtoto nyumbani kungoja watu wa mjini. Atamwita mwenye punda. Kwa hiyo mambo yangu yote duniani yalisimama juu ya mvua.

Nilipokwenda tena, vuli ilikuwa imepita bila kutuaga, na wote wanasubiri masika. Bi Kazija alinipokea jikoni, jambo ambalo baadaye nilifahamu ni heshima kubwa kuliko ukumbini. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti uani, giza hata mchana, na juu ya mafiga yalitundikwa vitita vya mashuke ya mpunga, vyeusi kwa masizi kama ndevu za jini. Nikauliza kama ni dawa ya kijicho. Mwanakheri alicheka mpaka akakaa chini. Aliyenieleza ni jirani yao, Bi Mize, mke wa mtu, kijana bado, mkubwa kidogo kwa Mwanakheri na kama dada yake, ambaye aliniita shemegi tangu siku ile na hajaacha. Akasema hiyo ni mbegu, shemegi, nyinyi mjini mnadhani mpunga unazaliwa na gunia. Kila mwanamke wa bonde ana mbegu yake, aliyopewa na mama yake alipopata konde. Ya Bi Kazija ilikuwa nyeupe, nyembamba. Ya Bi Mize ilikuwa nyekundu, ikipikwa unaisikia harufu kabla hujavuka uwanja. Ya yule wa ng'ambo ya mtaro punje fupi nene. Nusu husiwa, nusu hubaki juu ya moshi isiliwe na wadudu, kwa sababu mvua ya kwanza mara nyingine hudanganya. Haichanganywi na ya mwenzio, haiuzwi, wala hailiwi. Mtu ataomba muhogo nyumba zote za Cheju kabla ya kunyoosha mkono kule juu.

Nilikula muhogo siku ile, basi. Mwaka ule nilikula muhogo wa kuchemsha, wa nazi, wa kuchoma, makopa, na bada ya unga wake, ngumu hata ukiidondosha chini inavunja sakafu. Ulipokuwa ukivutwa kutoka udongo uliokauka ulikuja na mizizi kama kamba, na mwingine mchungu hata kuku wanaurudisha. Shangazi Zena alisema ana hakika nikikatwa nitatoka maziwa meupe badala ya damu. Bi Kazija lakini alijua kuupika. Aliuchemsha pole pole, akaumiminia tui zito, akatia pilipili nzima isiyopasuka, tukala watano katika sahani moja na hakuna aliyetazama mkono wa mwenziwe. Nimekula katika mahoteli tangu siku zile, mimi, na vijiko vya fedha. Sijakula tena vile.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja, ikanyesha kwa fujo, ikaotesha mpunga kijani kibichi kama kitambaa kipya cha duka la Darajani, na ikaondoka. Haikurudi. Tukatazama juu mpaka shingo zikaota upande. Cheju walimzungusha ng'ombe kijijini na watoto wa chuoni mbele yake wanasoma, wakaswali uwanjani kwenye jua, viganja chini, wazee wanalia. Mjini nako tuliswali. Bonde likaanza kupasuka. Nyufa zilikuwa pana, wallahi, niliona kuku ameingia ufa asubuhi akatokea Unguja Ukuu jioni. Mpunga ukageuka njano kutoka nchani, taratibu, kama karatasi inayoungua bila moto. Mwanakheri na mama yake walikuwa wakichota maji ya kisima kwa madebe na kuyamwaga mguuni mwa miche, mistari miwili mitatu karibu na tuta, mpaka kisima nacho kikaanza kutoa tope, na wazee wakakifunga kiwe cha kunywa tu.

Ndipo nilipomweleza Bi Kazija habari za jumba. Nilikaa pale jikoni, mhitimu mtarajiwa, nikachukua kaa nikamchorea mlima sakafuni. Nikamwonyesha wingu, nikamwonyesha Michenzani, nikamwonyesha konde lake upande wa vumbi. Nikakiri kwamba mimi nami ni katika wanaolipandisha. Bi Mize alikuwapo, na wanawake wawili watatu wengine waliokuja kuomba moto. Hakuna aliyecheka. Bi Kazija alitazama mchoro muda mrefu, kichwa upande, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu utafanyaje?" Nikamwambia nitaacha upenyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeahidiwa jambo kubwa na mtu anayelimudu, akanipakulia tena muhogo.

Nilitimiza. Nilirudi kazini nikaanza kusukuma toroli kwa njia ya mbali, nikizunguka kila rundo la mchanga mara mbili, nikisimama kumwamkia kila mzee anayepita. Shikamoo zangu peke yake zilichelewesha ukuta. Upande wangu wa jumba ukabaki chini kuliko mwingine, kama mdomo uliong'oka jino, na mimi kila asubuhi nautazama ule upenyo kwa matumaini. Msimamizi wetu, mtu mpole wa Kikwajuni, alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaniita. Nikaona bora niseme kweli. Nikamwomba ruhusa ya kuacha nafasi ya mawingu, japo kwa masika haya tu. Alinitazama. Akanigusa kipaji cha uso kwa nyuma ya mkono wake kupima homa. Akaniuliza kama nimekula. Halafu, kwa wema kabisa, akaniondoa kwenye toroli akanipa kazi nyepesi ya kumwagilia kuta.

Zege jipya, kwa asiyejua, hunyweshwa maji lisije likapasuka. Kwa hiyo mimi, mchumba wa mtoto wa Bi Kazija, nilisimama kutwa na mpira wa maji mkononi nikiunywesha ukuta, na ukuta ule ulikunywa kuliko ngamia wa Makka, huku nyuma yangu bonde zima linakufa kwa kiu. Nilikuwa nikiyatazama yale maji yakiteremka kwenye zege yakifanya michirizi meusi, namkumbuka Mwanakheri na debe lake. Sijapata kusikia uchungu wa namna ile tena, na nimezika watu wengi. Siku moja nilijaza chupa ya maji ya mpira ule nikenda nayo Cheju. Chupa moja. Mwanakheri hakunicheka, jambo lililonitisha. Aliichukua, akaenda akamwagia mche mmoja, akasimama pale kuutazama mpaka ardhi iliponyonya yote.

Nilikwenda mara nyingine wakati ambao ungekuwa wa mavuno. Konde lilikuwa limesimama, mashuke yapo, na kwa mbali ungesema kheri ipo. Bi Kazija alikata shuke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Kiganja kikabaki kitupu. Akakata la pili. Nilisikia mjomba ukumbini akisema kwamba upande wa Makunduchi kumekuwa na umande kidogo, na kwamba punda hawahitaji mvua. Mwanakheri alinisindikiza mpaka penye lori, akaniambia nisije mpaka niitwe. Nilirudi Ng'ambo nikalala kifudifudi, jambo lisilowezekana katika chumba kile, lakini huzuni iliniwezesha.

Haikupita muda, dereva wa lori akasimama mlangoni kwa Shangazi akiwa na salamu. Bi Kazija anasema njooni, harusi ipo. Shangazi akauliza kwa mchele gani. Dereva akasema ameambiwa aseme hivi: lilikuja wingu moja alfajiri, limetokea upande wa mjini, likasimama juu ya konde la Bi Kazija peke yake likanyesha mpaka likaisha, na mpunga wa pembe moja umejaa. Mjomba mwenyewe ameonyeshwa mchele ndani ya ungo na amenyamaza. Shangazi alisema hajasikia upuuzi kama huo. Mimi nilikuwa nishatoka mbio kwenda Michenzani kuutazama upenyo wangu. Ulikuwa karibu wamalize kuuziba. Nikahesabu kwa vidole: wakati ule wa wingu, ulikuwa wazi. Nikakaa juu ya rundo la mchanga nikalia kwa furaha, na Machano akanipa muhogo.

Harusi ile nikianza kuisimulia nitawalaza. Nitasema juu ya wali tu. Sinia zilipokuja mbele ya wanaume ukumbini, nilitazama nikaona wali wa rangi rangi: punje nyeupe nyembamba, punje nyekundu, nyingine fupi nene, zimechanganyika kama kanga za gora mbalimbali. Nyingine ziliiva mpaka zikawa uji na nyingine bado zilikuwa na moyo. Na wote ulinukia moshi. Nilidhani ndivyo unavyokuwa wali wa mvua ya muujiza. Nilikula kama mtu aliyefunguliwa jela. Shangazi Zena, upande wa wanawake, alisikika akiuliza kwa upole mbona mchele una rangi nyingi hivi. Bi Kazija akamjibu kwamba mvua ile ilikuja kwa haraka, haikuwa na muda wa kuchagua. Wanawake wa Cheju wakaangua kicheko cha pamoja, kirefu, cha watu waliochoka, na mimi ukumbini nikacheka nao bila kujua nachekea nini.

Siku za fungate nilikaa mle ndani nikilishwa. Kila mwanamke wa bonde aliyekuja kunitazama alinitaka nisimulie habari ya upenyo, nami nikasimulia, nikiongeza chumvi kidogo kwa ajili ya wageni, na wao wananisikiliza kwa makini, mkono shavuni, wakisema naam, naam. Sijapata tena wasikilizaji kama wale. Na kwa kuwa bwana harusi hana haya, siku ya kwanza tu nilipeleka ujumbe jikoni kuuliza kama ukoko umebaki. Waliniletea. Ulikuwa mkavu, umeungua vizuri, wa rangi tatu.

Mwaka uliofuata masika yalikuja yakatupita vichwani, mengi mpaka vyura wakaomba hifadhi. Nilikwenda na mke wangu Cheju kusaidia kusia, nikakuta makonde mengi nusu tupu, pembe moja imepandwa na nyingine imeachwa majani. Nikamwambia Mwanakheri kwamba watu wa kwao wameingia uvivu, mvua yote hii. Alinifinya mbavuni, akasema nisiseme hivyo mbele ya watu. Nikadhani ni adabu ya shamba. Miaka ikenda. Michenzani ikaisha, mawingu yakawa yanapita juu yake kama kawaida, nami nikaeleza kwamba yameshazoea. Kuna mambo mtu anayaweka kichwani kama kiti cha babu: hakikaliwi, lakini nani atakitoa. Kile kisa kilinifanya niwe mimi. Mtu aliyewahi kuiletea nyumba ya mkewe mvua hawezi kuishi kwa unyonge. Nilipokosa kazi nilikikumbuka. Nilipougua nilikikumbuka. Nimekuwa mtu wa kucheka, kwa sehemu kubwa, kwa sababu niliamini kwamba ulimwengu ukibanwa kidogo unaacha upenyo.

Basi mwezi uliopita, khitma imesomwa, sinia zimeondoka, wageni wa mbali wamekwenda zao, tukabaki wa nyumbani uani, tumekaa mikekani. Moshi unatoka jikoni. Mjukuu wangu mmoja akaniomba habari ya wingu, nami nikaona hakuna mahali panapofaa zaidi. Nikaanza. Nililileta wingu kutoka baharini, nikalipitisha Michenzani, nikalingurumisha. Nilipofika pale linaposimama juu ya konde, nikangoja kicheko cha wanawake, kwa kuwa Cheju hapo ndipo wanapocheka siku zote. Hawakucheka. Mwanakheri alikuwa anautazama mkeka. Kisha akasema bila kuinua uso, "Mwambie, dada. Mama hayupo tena."

Bi Mize alikuwa kakaa penye mlango wa jiko. Sasa ni bibi, macho yana ukungu, lakini utani wake hauna. Alijifuta mikono kwenye kanga pole pole.

"Shemegi," akasema, "hakukunyesha. Si konde la mama wala popote."

Nikatabasamu, nikingoja utani. Haukuja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Walikutana mle jikoni, wanawake wa bonde, kila mtu na kitita chake cha juu ya moshi, wakavipura pamoja na cha Bi Kazija, wakatwanga. Bi Kazija hakutaka. Alisema bora harusi ivunjike. Wao ndio waliomwambia kwamba neno lililosemwa mbele yao ni lao wote, na mtoto haendi kwa mwenye punda kwa ajili ya jua. Alipokubali aliwaapisha kwamba mimi na shangazi yangu tusijue mpaka yeye aingie kaburini.

Nikamuuliza, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyokusudia, mwaka wa pili walipanda nini.

"Tuliazima kaskazini, kibaba kibaba, ya watu. Wengine walizipata tena mbegu zao kwa jamaa, wengine hawakupata. Yangu ile nyekundu sijaiona tena mpaka leo."

Nikatazama watoto, nikatazama mke wangu, aliyekuwa sasa ananitazama. Sikujua pa kuweka mikono. "Na wingu?" nikasema. "Wingu basi lilitoka wapi?"

"Kwako," Bi Mize akasema. "Ulilileta mwenyewe toka mjini ukatuchorea kwa kaa, hapo ndani. Sisi tulilinyeshesha tu." Akanyoosha mkono akanigonga goti, taratibu. "Ulikula mbegu zetu, shemegi. Na ukoko ukaomba."